KIPUPWE CHA BRAZIL SI MTAJI WA MKULIMA WETU

Kila mwaka, mwezi wa Mei unapokwisha na matunda ya mibuni yanapoanza kuiva katika baadhi ya mikoa yetu, wako watu walio mbali kabisa na mashamba hayo ambao huelekeza macho yao Brazil. Hao ni wafanyabiashara wa kahawa wa New York na London. Wanachosubiri ni jibu la swali moja: je, kipupwe cha mwaka huu kitaleta jalidi katika mashamba ya Brazil, au kitapita salama?

Swali hilo si lao peke yao. Hapa kwetu nako, katika vijiji vya kahawa, uvumi wa baridi ya Brazil ukishaingia huenea upesi kuliko matangazo ya mkutano. Mmoja husema Brazil imeungua, bei itapanda, tusiuze sasa. Mwingine hujibu kwamba walisema hivyo mwaka jana na hakuna kilichotokea. Mwalimu wa shule ya kijiji na ofisa ugani ndio wanaoulizwa ukweli uko wapi, na mara nyingi hao nao hawana cha kujibu. Ni kwa ajili yao kwanza kwamba tunaliandika suala hili leo.

Jalidi ni ile barafu nyembamba inayoganda juu ya majani wakati wa alfajiri. Wakazi wa Makete na Njombe hawahitaji kuelezwa. Nchini Brazil, ambako kipupwe huangukia miezi ile ile ya Juni, Julai na Agosti kama kwetu, hewa ya baridi hutoka upande wa ncha ya kusi ya dunia, ikapita Argentina ikiambaa na milima ya Andes, na mara chache ikafika hadi kwenye nyanda za kahawa. Ukifuata usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake lote, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama mabondeni. Jani la mbuni likipoa hadi nyuzi mbili au tatu chini ya sifuri hufa. Baridi ikizidi, hufa tawi, na pengine shina. Aliyeng'olewa shamba namna hiyo hana budi kupanda upya na kungoja miaka mitatu au minne kabla hajavuna tena mavuno ya maana.

Kwa nini usiku mmoja wa Brazil umhusu mkulima wa Rombo au Muleba? Jibu liko katika hesabu. Brazil hutoa karibu theluthi moja ya kahawa yote ya dunia. Mwaka 2020 peke yake ilivuna zaidi ya magunia milioni 60, kila gunia kilo 60. Tanzania, kwa miongo mingi, mavuno yake yalizunguka tani 50,000. Kwa maneno mengine, Brazil ilivuna zaidi ya mara 70 ya kiasi hicho. Mwenye mzigo mkubwa namna hiyo akijikwaa, soko zima huyumba, na sisi tulio na kikapu kidogo huyumba pamoja nalo.

Hebu basi tuzitazame baridi zilizopita, kwa maana anayetaka kuijua kesho sharti kwanza aulize jana ilikuwaje.

Baridi kubwa kuliko zote katika kumbukumbu za watu wa zama hizi ni ile ya Julai 1975. Tarehe 17 theluji ilianguka katika mji wa Curitiba, jambo ambalo ni nadra sana. Usiku wa kuamkia tarehe 18 jalidi ilifunika jimbo la Paraná, ambalo wakati huo lilikuwa likitoa karibu nusu ya kahawa ya Brazil. Kulipopambazuka mibuni ilikuwa imegeuka rangi, nyeusi kana kwamba imepitiwa na moto, na ndiyo maana watu wa huko huiita jalidi nyeusi hadi leo. Mavuno ya Paraná ya mwaka uliofuata yalikuwa karibu na sifuri. Matajiri wenye mashamba waling'oa mibuni wakapanda soya na ngano, kilimo kinachotumia mashine nyingi na mikono michache. Vibarua waliokuwa wakiishi kwa kuchuma buni walibeba virago vyao wakaenda kutafuta kazi mijini. Tunalitaja hilo makusudi, ili asitokee mtu kati yetu wa kushangilia msiba ule. Waliolia Paraná walikuwa wavuja jasho kama wetu.

Bei ya New York, iliyokuwa chini ya dola moja ya Marekani kwa ratili kabla ya baridi ile, ilipanda hadi kupita dola 3 mwezi Aprili 1977. Jalidi haikuwa peke yake. Vita nchini Angola, nchi iliyokuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa wakati ule, na tetemeko la ardhi la Guatemala la mwaka 1976, vilizidisha wasiwasi wa wanunuzi. Afrika Mashariki nzima ilinusa harufu ya fedha. Mpakani mwa Uganda na Kenya, kahawa ya magendo ilimiminika hadi jina la Chepkube likawa maarufu kupita miji mingi.

Na sisi je, tuliitumiaje neema ile? Ni wajibu wetu kusema kweli. Mkulima wetu alipata nafuu, lakini sehemu kubwa ya bei ya dunia haikumfikia. Ilikatwa njiani kwa ushuru wa kusafirisha nje na gharama za vyombo vya kati. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, hivyo neema ilimkuta mkulima hana chombo chake mwenyewe cha kumsemea. Mwalimu Nyerere alikiri baadaye kwamba kuvunja ushirika lilikuwa kosa, na sheria ya mwaka 1982 ikaurudisha. Upande wa Taifa, akiba ya fedha za kigeni ilinona mwaka 1977. Mwaka 1978 milango ya bidhaa za kutoka nje ikafunguliwa zaidi, na kabla mwaka haujaisha akiba ile ilikuwa imeyeyuka. Bei ya kahawa ilikuwa tayari inashuka. Ikaja vita ya kumwondoa Idi Amin, ikafuatiwa na mafuta kupanda bei mwaka 1979, na ghala likakutwa tupu. Tulikuwa tumekula mbegu pamoja na mavuno.

Baridi ya pili tunayotaka kuikumbusha ni ya mwaka 1994. Safari hii jalidi ilipiga mara mbili, tarehe 26 Juni na tarehe 10 Julai, kisha ukafuata ukame. Bei iliyokuwa chini ya dola moja mwanzoni mwa mwaka ilivuka dola 2 mwezi Julai. Kwetu huo ndio ulikuwa wakati ambapo wanunuzi binafsi walianza kuruhusiwa kuingia katika biashara ya kahawa. Wako waliouza vizuri, na wako waliouza kwa bei ya kutupa kwa sababu hawakujua kilichotokea ng'ambo ya bahari. Aliyekuwa na habari alimnunua asiyekuwa nayo.

Baridi ya tatu haitajwi mara nyingi, nayo ndiyo yenye fundisho kubwa. Julai 2000 jalidi kali iliipiga tena Paraná. Bei iliruka kidogo, kisha ikarudi chini na kuendelea kuteremka. Kwa nini? Kwa sababu maghala ya dunia yalikuwa yamejaa, Vietnam ilikuwa imekwisha kuwa mzalishaji mkubwa, na kahawa nyingi ya Brazil ilikuwa imekwisha kuhamia kaskazini, katika jimbo la Minas Gerais, ambako jalidi hufika kwa nadra zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2001 bei ya New York ilikuwa chini ya senti 50 kwa ratili. Mkulima aliyeficha gunia lake mvunguni akingoja muujiza wa 1977 alilitoa mwaka uliofuata kwa bei ya huzuni.

Ya nne ni ya juzi tu. Tarehe 20 Julai 2021 jalidi iliingia Minas Gerais kwenyewe, ikakuta mibuni tayari imedhoofishwa na ukame. Bei ilivuka dola 2 katika siku chache, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya miaka sita.

Sasa, je, tunaweza kuzipanga baridi hizi nne mstarini, tukazilinganisha na dalili za kipupwe kijacho, na kutabiri? Wengi wetu tulijifunza jina la El Niño kutokana na mvua za mwaka 1997 na 1998 zilizobeba madaraja na barabara. Ni kupashika joto kwa maji ya bahari ya Pasifiki katika eneo la ikweta. Maji hayo yakipoa kuliko kawaida, hali hiyo huitwa La Niña. Wataalamu wanaotutabiria vuli huiangalia bahari hiyo, na wataalamu wa Brazil nao huiangalia hiyo hiyo. El Niño kwa kawaida huleta mvua na mawingu kusini mwa Brazil, na mawingu ni blanketi la ardhi. Mtu angeweza basi kudhani kwamba mwaka wa La Niña ndio mwaka wa jalidi, yakaisha.

Lakini kumbukumbu hazikubali. Mwaka 1975 ulikuwa kweli mwaka wa La Niña yenye nguvu. Mwaka 1994 bahari ilikuwa inaelekea kwenye joto, na El Niño ilijitokeza baadaye mwaka huo huo. Mwaka 2021, Julai iliangukia katikati ya La Niña mbili, wakati bahari haiko huku wala huko. Na iko miaka mingi ya La Niña iliyopita bila jani moja la maana kuungua. Dalili za msimu hupunguza au kuongeza uwezekano. Haziandiki tarehe.

Hapa ndipo tungependa walimu wetu watusaidie, maana jambo lenyewe ni la hesabu za shule. Utabiri wa msimu husema juu ya wastani wa miezi mitatu, nao husema kwa lugha ya uwezekano. Ukisikia kwamba kuna nafasi 40 katika 100 za msimu kuwa baridi kuliko kawaida, maana yake ni kwamba zimebaki nafasi 60 za mambo kuwa vinginevyo. Mtabiri hakusema uongo yakitokea hayo mengine. Zaidi ya hayo, kuanzia Juni Mosi hadi Agosti 31 kuna siku 92. Usiku mmoja ukipoa kwa nyuzi 9 chini ya kawaida yake, na mwingine wote ukabaki kama kawaida, wastani wa usiku wa msimu mzima utashuka kwa takriban sehemu moja ya kumi ya nyuzi moja tu. Msimu utaandikwa kuwa wa kawaida, na huku shamba limekwisha. Baridi ya kuua hukaa siku chache, na wataalamu huiona inakuja wiki moja au zaidi kidogo kabla haijafika. Mwezi wa Mei hakuna awezaye kuiahidi, na anayeahidi anauza kitu.

Kwa hiyo mtu akija kijijini na habari za baridi ya Brazil, aulizwe maswali matatu. Kwanza, imepiga wapi: katika mashamba ya zamani ya Paraná, au Minas Gerais ambako ndiko kahawa nyingi iliko siku hizi? Pili, maghala ya dunia yana akiba kiasi gani, maana jalidi ya ghala lililojaa, kama tulivyoona mwaka 2000, haina kishindo? Tatu, mvua ilikuwaje kabla ya baridi, kwa kuwa mbuni wenye kiu huumia mara mbili? Asiyeweza kuyajibu hayo hana habari, ana uvumi.

Hata hivyo, iko tofauti moja kati ya miaka iliyopita na misimu ijayo ambayo tusipoitazama tutakuwa tumekesha tukilinda mlango usiopitwa na mwizi. Februari 2025 bei ya New York ilipita dola 4 kwa ratili, juu kabisa kuliko ile ya 1977 kwa hesabu ya dola zenyewe. Chanzo kikubwa safari hii hakikuwa jalidi. Kilikuwa ni ukame na joto nchini Brazil, pamoja na ukame wa Vietnam. Dunia inazidi kuwa na joto. Jalidi haijatoweka, na mwaka 2021 ni shahidi, lakini jua limeingia shambani kwa mguu mzito zaidi.

Na jua hilo halina mpaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia takwimu za kahawa ya arabika ya Tanzania, ulionyesha kwamba kila joto la usiku linapoongezeka kwa nyuzi moja, mavuno hupungua kwa kiasi cha kilo 137 kwa hekta. Kwa mkulima mdogo, ambaye hekta yake nzima pengine haimpi zaidi ya kilo mia tatu au mia nne, hilo si punguzo dogo. Ni ada ya mtoto na bati za nyumba. Tumekaa miaka mingi tukiuliza kama usiku wa Brazil utakuwa baridi, na huku usiku wetu wenyewe unapata joto bila sisi kuuliza.

Hilo ndilo neno letu kuu leo. Kipupwe cha Brazil hatukiamuru, na hata tukikijua hatukimiliki. Kinachotuhusu ni shamba letu, ghala letu na akiba yetu.

Katika shamba, miche ya kahawa iliyotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, yenye makao yake Lyamungo, inastahimili chulebuni na kutu ya majani. Mbuni mzee usiozaa hauponywi na bei nzuri. Kivuli cha migomba na miti, matandazo yanayohifadhi unyevu, na maji ya mifereji ambayo wazee wa Kilimanjaro waliyajua kabla ya sisi kuzaliwa, ndiyo silaha za kukabili joto. Ofisa ugani anayekaa ofisini akingoja semina huku mibuni ya kata yake inakauka hatendi kazi aliyoajiriwa kuitenda.

Katika mauzo, ile desturi ya butura, ya kuuza kahawa ingali maua au mbichi mtini kwa sababu ya shida ya fedha, humfunga mkulima kwa bei ya mwezi wa njaa. Siku bei inapopanda, aliyelala njaa anatazama gunia lake likipakiwa na mwingine. Amri peke yake haiondoi butura, kwa kuwa mtu haendi kwa mlanguzi kwa kupenda. Huenda kwa sababu mtoto amerudishwa ada au mgonjwa hana dawa. Chama cha ushirika cha msingi chenye uwezo wa kumkopesha mwanachama wake fedha kidogo kabla ya mavuno, kwa masharti ya haki, kitafanya kazi ambayo mgambo hawawezi kuifanya. Lakini ushirika huo nao sharti uwe msafi. Viongozi wanaochelewesha malipo ya wakulima, au kuyapunguza kwa makato yasiyoelezeka, ndio wapiga debe wakubwa wa mlanguzi.

Katika Taifa, fundisho la 1977 na 1978 lisisahauliwe na wenye kalamu za bajeti. Fedha iliyoletwa na msiba wa mwingine ni ya msimu mmoja. Kuifanya msingi wa matumizi ya kila mwaka ni kujenga nyumba juu ya jalidi, ambayo jua likichomoza haipo. Sehemu yake irudi shambani, kwa miche, barabara za kutolea mazao na utafiti; sehemu yake iwekwe. Akiba haiozi.

Na walimu wetu tunawaomba jambo dogo lenye matokeo makubwa. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unapotangazwa, uingie darasani. Watoto wafundishwe maana ya wastani na maana ya uwezekano kwa mifano ya mvua na baridi ya kwao. Watunze daftari la mvua la shule. Mtoto anayeelewa kwa nini nafasi 40 katika 100 si ahadi, atamwokoa baba yake na maneno ya mlanguzi siku ambayo mwalimu hayupo.

Kipupwe kitaingia kama kawaida yake. Huenda Brazil itapona, na sisi tutawafurahia wenzetu. Huenda itapatwa, bei ikapanda, na hatutaikataa. Lakini mkulima aliyetunza shamba lake na kuulinda ushirika wake atavuna katika hali zote mbili, hali yule anayekodolea macho mawingu ya ng'ambo atabaki na hadithi ya mwaka 1977. Wahenga walikwisha kusema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.